Nipekueni Kama Wengine

Pale getini Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, kila mtu hupekuliwa. Mwenye mkokoteni hupekuliwa, mwenye pikipiki hupekuliwa, na mama aliyebeba mtoto mgongoni huambiwa afungue shuka ionekane kama mtoto ni mtoto kweli. Mimi nimevuka mpaka ule kwa miaka mingi, kwenda na kurudi, na kabla ya siku nitakayoisimulia hakuna afisa aliyewahi kuniuliza nimebeba nini. Watu wakisikia hivyo hucheka na kusema nina bahati. Bahati gani? Nikiwaza jambo hilo damu inanichemka mpaka leo, na nitaeleza kwa nini.

Miguu yangu iliondoka na polio kabla sijajifunza kuisimamia. Natembelea baiskeli ya magurudumu matatu ambayo pedeli zake ziko mbele ya kifua, nazizungusha kwa mikono. Tuko wengi mpakani wenye baiskeli za namna hiyo, wanaume kwa wanawake, Wasamia, Wateso, Wapadhola, na Waluo wa ng'ambo. Kazi yetu ni kuvusha mizigo ya wenye maduka. Mzigo hupangwa chini ya kiti na nyuma ya mgongo, kisha sisi tunaukalia, tunajitandazia leso magotini, tunavuka.

Hakuna sheria inayosema tusipekuliwe. Ni desturi tu iliyojijenga yenyewe. Ili anipekue, afisa lazima aniinue kutoka juu ya mzigo. Sasa ni afisa gani atakayemwinua mlemavu mbele ya kadamnasi na kumweka vumbini kwa sababu anatafuta sabuni? Umati utamzomea mpaka aombe uhamisho. Kwa hiyo anaangalia pembeni, anapunga mkono, anasema, "Pita, mama." Wenye maduka waliigundua aibu hiyo ya maafisa zamani sana, wakaifanya njia yao ya biashara. Mafuta ya kupikia, sukari, betri, viberiti, vyote vimepita chini ya makalio yangu.

Sioni haya kuyasema hayo. Mpaka wenyewe ulikatwa katikati ya mashamba ya ndugu, na sabuni ni sabuni pande zote mbili. Kinachoniudhi ni kitu kingine. Ni ule mkono unaopungwa, ni yale macho yanayoangalia pembeni. Mtu asiyeulizwa swali ni mtu ambaye jibu lake halina maana kwa yeyote.

Nililijua jambo hili nikiwa mdogo, ila sikuwa na maneno ya kulisema. Nilisoma Tororo, katika shule ya masista, chini ya lile jabali ambalo kila mgeni hulipiga picha. Siku moja mimi na msichana mwenzangu wa bweni tuliiba sukari ya sista mpishi. Mimi ndiye niliyetoa wazo, yeye alilifikia kabati kwa kuwa ana miguu. Jumamosi tukaenda kuungama, dhambi ile ile, sukari ile ile. Mwenzangu akapewa rozari nzima. Mimi padri alinipapasa kichwani, akanipa Salamu Maria moja, akasema Mungu ananielewa. Nilitoka kanisani nimenuna. Katekista alikuwa ametufundisha kwamba dhambi ya mauti inataka mambo matatu: jambo liwe zito, ulijue, na ulikubali. Labda sukari haikuwa jambo zito, lakini kujua nilijua na kukubali nilikubali, tena kwa moyo wote. Padri alitazama miguu yangu akaona kwamba mtu wa aina hii hawezi hata kutenda dhambi kamili. Mwenzangu alinicheka bwenini akisema nimepona. Nilimpiga na mto.

Basi nilikua, nikaja Busia, nikapata baiskeli na tajiri wa kumbebea. Tajiri wangu alikuwa na duka la pembejeo upande wa Kenya, na stoo nyuma yake. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti ya chini. Matairi yangu yakiisha alininunulia mengine bila kuombwa. Malaria iliponilaza hospitali ya Masafu alivuka mpaka akaja kuniona, ameleta maziwa na mkate, akakaa pembeni ya kitanda akaniombea. Aliniita dada yangu. Nayasema haya ili mtu asije akadhani namzungumzia jambazi mwenye kovu usoni. Nilikuwa nampenda mzee yule kuliko wajomba zangu.

Mvua za masika zikikaribia, biashara yake kubwa ilikuwa mbegu za mahindi. Kwetu upande wa Uganda watu wanaiamini mbegu ya Kenya. Mkulima wa Dabani au Masinya ataacha mbegu nyingine zote dukani aulize ile iliyotoka ng'ambo, hata kama bei inamuuma. Mama yangu ni mmoja wao. Analima Masinya, kipande kile kile alichoachiwa na baba. Msimu uliotangulia huu ninaousimulia alinunua mbegu ya Kenya kwenye duka la karibu, akapanda kwa mistari, akapalilia, na mahindi yakaota hapa na pale kama meno ya kizee. Yaliyoota yalibeba magunzi matupu. Mama alisema ni mvua. Mchungaji wake alisema ni mtihani. Tulikula mihogo mpaka ikatukinai.

Msimu uliofuata, asubuhi moja, niliwahi kufika kwa tajiri kupakia. Mlango wa stoo ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Ndani wanaume wawili walikuwa wamemwaga mahindi juu ya turubai, mmoja anamimina rangi nyekundu ya unga iliyokorogwa na maji, mwingine anageuza kwa sepetu. Pembeni kulikuwa na rundo la pakiti mpya zenye picha ya hindi nono na maandishi ya mbegu bora. Magunia matupu yalikuwa yametupwa mlangoni. Niliyajua magunia yale. Yalikuwa ya mahindi ya kula kutoka Masinya na Dabani, yalivuka wiki ile ile kuja kuuzwa Kenya, na baadhi yake niliyavusha mimi mwenyewe nikiwa nimeyakalia.

Nikasimamisha baiskeli pale mlangoni nikatazama. Mahindi ya majirani wa mama yangu yanaingia Kenya kama ugali na kurudi Uganda kama mbegu, yamepakwa wanja. Na pande zote mbili za safari punda ni mimi.

Tajiri alikuwa kwenye meza yake, anakunywa chai. Nilimfuata.

"Mzee, ile si ni mahindi ya kula?"

"Ni mahindi, dada yangu. Hata mbegu ni mahindi."

"Lakini pakiti nasema ni mbegu."

"Si ukiizika itaota? Ingine itaota. Mvua ikiwa poa, mkulima hatajua tofauti."

"Na mvua ikikuwa mbaya?"

"Atalaumu mvua," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekueleza bei ya chumvi.

Nilimwambia kwamba mama yangu alilaumu mvua msimu uliopita. Akaweka kikombe chini. Uso wake ulibadilika, na naapa alisikitika kweli. Akanyanyuka, akaingia dukani, akarudi na pakiti moja ambayo mhuri wake ulikuwa tofauti na zile za stoo. Akaiweka mapajani mwangu kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mgeni chakula.

"Pole sana. Hii ni ile ya ukweli kabisa. Mpelekee mathe. Ungeniambia mapema."

Sijawahi kukasirika hivyo maishani. Afadhali angenitukana. Kumbe anayo ya kweli, anajua ni ipi, na ana moyo wa kutosha kumpa mama yangu kwa kuwa sasa ana sura na ana binti anayemjua. Wengine wote, wale asiowajua, walaumu mvua. Niliirudisha pakiti mezani, nikamwambia leo sibebi, nikaondoka na baiskeli tupu. Nyuma yangu nilimsikia akiniuliza kama naumwa.

Nilimpigia mama simu. Nilimwambia kwa Kisamia asinunue mbegu mahali popote msimu huu, achague mahindi mazuri kwenye ghala lake apande hayo hayo, na awaambie majirani. Aliniuliza kama nina hakika, kisha akaniuliza kama nimekula.

Habari kwamba nimekataa mzigo ilifika kwa wenzangu kabla mimi sijafika, na njiani ikaongezewa forodha. Tuna banda letu la chai karibu na geti, mahali tunapoegesha baiskeli tukisubiri mizigo. Mwenyekiti wetu alikuwa pale, mzee wa Kiteso mwenye redio iliyofungwa kwenye mpini wa baiskeli yake, na alikuwa ameizima. Alikuwepo pia rafiki yangu mkubwa, mama Mpadhola kutoka Tororo kule nilikosoma, ambaye nilikuwa nikipanga naye chumba kimoja kabla hajapata watoto. Nikaona mara moja kwamba nimewekewa kikao.

"Dada," mwenyekiti akaanza, "tunasikia wewe nataka kwenda kwa forodha."

"Nafikiria."

"Ukisema kwa forodha, kesho wanatuinua sisi yote. Hakuna mtu atatupatia mzigo tena. Watoto nakula nini? Hiyo umefikiria?"

Nilimwambia nimefikiria. Akavuta kiti karibu, akashusha sauti, akanipa njia ya busara. Nimwambie tajiri kwamba naumwa. Niumwe mpaka watu wamalize kupanda. Mtu mwingine atabeba, mimi mikono yangu itakuwa safi, na hakuna atakayegombana na mtu. Alikuwa ameiwaza vizuri, na wengine wakatikisa vichwa wakikubali.

"Yaani niseme uongo ili nisibebe uongo," nikamjibu.

"Ni uongo kidogo."

"Na mbegu?"

Hapo ndipo rafiki yangu alipoingilia. Alisema najipa ukubwa nisiokuwa nao. "Sisi ni gari tu," akasema. "Gari kama nabeba bangi, nani nafunga gari? Wanafunga mwenyewe. Acha tajiri aulizwe na Mungu. Sisi tunazungusha mikono."

Ukitaka kujua kilichonichoma, ni kwamba hakuna hata mmoja aliyesema kwamba mbegu ile ni sawa. Wote walijua ni wizi, tena wizi wa msimu mzima wa mtu, jasho lake na mgongo wake. Ila kila mmoja alikuja na hesabu yake: nani atakula, nani atakosa, nani atajua, nani hatajua. Ukijumlisha hivi, kubeba kunakuwa kuzuri. Ukijumlisha vile, kunakuwa kubaya kidogo lakini kunavumilika. Nilikuwa nimekaa pale natamani kupindua meza. Ina maana kuna hesabu ambayo jibu lake likija vizuri, basi inaruhusiwa kumuuzia mama wa watu mahindi yake mwenyewe aliyoyauza kama chakula, umwambie ni mbegu? Nileteeni hesabu hiyo niione. Kama tajiri angejenga shule nzima kwa faida ya pakiti zile, mkulima wa Dabani aliyenunua angekuwa bado amedanganywa usoni na mtu aliyemwita ndugu.

Nilimuuliza mwenyekiti swali moja. Kama kila mwenye duka angefanya kama tajiri, apake mahindi rangi aite mbegu, nani angenunua mbegu tena? Hakuna. Tajiri anauza kwa sababu wengine wanauza ya kweli, na watu wamewaamini wale. Anaishi kwa damu yao kama kupe kwenye ng'ombe. Mwenyekiti alisema hayo ni maneno ya shule. Nikamwambia shule nilifundishwa kushona vitambaa.

Usiku nililala kidogo, na asubuhi nilikuwa nimeamua. Kwenda kusema kwa mdomo kusingefaa kitu. Ningefika pale, wangesema maskini, amechoka, mpeni soda, na mzigo ungepita na mtu mwingine nikiwa bado nakunywa hiyo soda. Ilibidi mzigo uwe chini yangu. Lakini pia sikutaka kumvizia tajiri. Ubaya wake ulikuwa kudanganya watu, na mimi sikuona kwa nini nimwendee kwa udanganyifu ati kwa sababu yeye ni mdanganyifu. Kwa hiyo nilikwenda dukani kwake, nikamwambia wazi mbele ya wapakiaji wake.

"Mzee, leo nabeba. Lakini nakuambia mapema. Nikifika getini nitaomba wanipekue, na nitawaambia ni nini."

Wapakiaji wakaacha kupakia. Tajiri alinitazama, kisha akacheka, kicheko chake cha siku zote cha upole.

"Dada yangu, utaomba upekuliwe? Hawa watu hawatakupekua hata ukiwaomba kwa magoti." Akasita, akakumbuka magoti yenyewe, akaona haya. "Pakieni," akawaambia wanaume wake.

Nakwambia alinipakia yeye mwenyewe zile pakiti za mwisho, akanifunikia leso vizuri magotini. Mtu amemwambia waziwazi kwamba atamtobolea siri, na bado anampakia. Angethubutu kufanya hivyo na mwanamume mwenye pikipiki? Angemfukuza mbio. Alikuwa na uhakika kwamba neno langu haliwezi kuwa na uzito wa neno, kwa kuwa halijawahi kuwa nao. Nilizungusha pedeli kuelekea getini kwa hasira mpaka baiskeli ikawa inayumba.

Afisa wa siku ile upande wetu alikuwa kijana mwembamba ambaye nilikuwa nikimwona kila wiki. Aliponiona akapunga mkono.

"Pita, mama."

"Sipiti. Nipekue."

Alitabasamu, akidhani namtania. Nikashika breki pale pale katikati ya njia ya waenda kwa miguu. Nyuma yangu mtu wa kuku akaanza kulalamika.

"Mama, wewe naumwa?"

"Siumwi. Huyu umempekua, yule umempekua. Nipekue na mimi kama wengine."

Akasogea karibu, akainama, akaongea kwa sauti ya kunong'ona. "Mimi siwezi kukutoa kwa kiti. Watu naona."

"Hutanitoa. Nitashuka mwenyewe."

Nikashuka. Nina mikono yenye nguvu kuliko yake, na nimeshuka kwenye baiskeli hiyo maisha yangu yote. Nilishika fremu, nikajiteremsha mpaka chini, nikakaa vumbini na miguu yangu nimeikunja upande. Watu walianza kujaa. Mwanamke mmoja alimwambia yule kijana hana haya, anamtesa kilema. Mwingine, Mungu amsamehe, alinirushia sarafu mapajani. Niliichukua nikamrudishia mkononi, nikamwambia siombi. Kijana wa watu alikuwa anatoka jasho, na nilimwonea uchungu kidogo, kwa kuwa lawama yote ilikuwa inamwangukia yeye aliyekuwa hajafanya chochote. Lakini sikuinuka.

Akaja mkubwa wake, mama wa makamo mwenye miwani. Umati ukampisha. Akaniuliza kuna nini, nami nikamwambia yote: chini ya kiti kuna pakiti za mbegu, si mbegu, ni mahindi ya kula yaliyopakwa rangi, yametoka kwenye stoo ya fulani nyuma ya duka lake, nimeyaona yakichanganywa kwa macho yangu. Wakatoa pakiti zote, wakazipanga kwenye benchi. Mzigo haukuwa na karatasi yoyote, kwa hiyo walikuwa na haki ya kuuzuia hata kama ungekuwa changarawe. Akaitwa mtu wa kilimo, akafungua moja, akamimina kiganjani, akaziweka mbegu nyingine kwenye bahasha zikapimwe.

Yule mama alivua miwani akaniinamia. Sauti yake ilikuwa laini.

"Maskini. Hawa matajiri natumia nyinyi vibaya sana. Wewe hukujua. Nenda nyumbani, mama, pumzika."

Hiyo ndiyo ilikuwa rehema yenyewe, ile ile ya padri, na ningeipokea, ningeondoka na baiskeli yangu kabla ya chakula cha mchana. Kila kitu kingekuwa kimekaa sawa: mbegu imekamatwa, mimi sina kosa, yeye ana huruma. Ilibidi ninyamaze tu.

"Nilijua," nikasema.

"Wewe nasema nini?"

"Nilijua tangu jana. Nimepakia nikijua, nimebeba nikijua. Andika hivyo."

"Kama naandika ulijua, ni kosa yako. Unaelewa?"

"Naelewa. Hiyo mizigo yote mlinipitisha miaka hii, mlifikiri nimekalia nini? Andika."

Alivaa miwani yake, akavuta kiti, akachukua kalamu. Akaniuliza jina langu na la baba yangu. Akaniuliza ninapoishi. Akaniuliza kwa nini nilibeba, nani alinipa, ni mara ngapi, na kama nimewahi kupewa vitu vingine. Niliyajibu yote nikiwa bado nimekaa chini, na sauti yake ilikuwa imekauka kabisa, sauti ya mtu wa serikali anayeongea na mtu mwenye hatia. Hakuniita maskini tena. Najua itasikika vibaya, lakini nilipumua.

Baiskeli ilizuiliwa pamoja na mzigo. Nilirudishwa kwangu kwa pikapu yao, nikashushwa mlangoni, na kwa majuma kadhaa nilikuwa natambaa uani kwenda msalani. Kesi yangu ilisikilizwa, nikatozwa faini, baiskeli ikarudi na gurudumu moja limepinda. Tajiri hakuulizwa na afisa yeyote. Stoo iko nchi nyingine, sheria nyingine, na alipoulizwa na watu wa mtaani alisema mimi ni mgonjwa wa kichwa ambaye alikuwa akimsaidia kwa ajili ya Mungu. Nikimkuta barabarani ananisalimia vizuri tu. Siitikii.

Na yale aliyoyasema mwenyekiti yalitokea, sawasawa na alivyoyasema. Tangu siku ile wameweka benchi pale getini, na kila mwenye baiskeli kama yangu hushuka, hukaa, kiti chake kikapekuliwa. Matajiri wametafuta njia nyingine. Wenzangu wengi wamekosa mizigo. Mmoja amerudi kwao Malaba kuombaomba. Mwenyekiti hajibu salamu yangu. Kuna watoto waliokuwa wakisoma ambao sasa hawasomi, nawajua kwa sura zao, nimewahi kuwanunulia mandazi. Watu hunisogezea hilo usoni wakingoja niseme nilikosea au nilete faida nyingine kubwa ya kulifunika. Sina. Sitajifanya ninayo. Nina hasira tu, na nyingi yake ni kwa yeyote aliyetupanga namna hiyo, kwamba watoto wale wale ndio walipe ili mtu aseme ukweli.

Mvua ilikuwa imekwisha kuanza siku rafiki yangu alipokuja. Hatukuwa tumeonana tangu kile kikao. Alisimamisha baiskeli yake kwenye upenu, magurudumu yamejaa tope jeusi la bondeni, lile ambalo huwezi kulipata barabarani, na mikono yake imechubuka. Nilimkaribisha chai. Hakushuka.

"Nimebeba ile iliyobaki," akasema. "Kwa njia ya mtoni. Wapakiaji wa tajiri walinisukuma. Imepita yote. Imefika Dabani, imefika Masinya, watu nanunua sasa hivi tunavyoongea."

Niliweka birika chini.

"Sasa wewe umepata nini? Baiskeli wamekuharibia. Sisi tumekosa kazi. Na mbegu imepita vile vile. Niambie umepata nini."

"Basi wewe ndiye uliyebeba," nikamwambia.

Nadhani alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Aliniambia ana watoto. Nikamwambia najua. Aliniambia kama si yeye angebeba mwingine. Nikamwambia labda, lakini hakubeba mwingine. Akaanza kulia, akajipiga paja lake lililokauka, akasema, "Mimi kilema. Mimi ningefanya nini?"

"Ungekataa."

Mvua ilikuwa inapiga mabati na yeye alikuwa analia, ananitazama, anangoja. Nilijua anachongoja. Anangoja pole. Watu wote wamekuwa wakimpa pole tangu azaliwe, mapadri, masista, maafisa, matajiri, na mimi pia nimewahi kumpa mara nyingi, wakati mwingine kwa haki. Ilikuwa mdomoni mwangu. Ningeitoa, angefuta machozi, angeshuka, tungekunywa chai tukamsema tajiri mpaka jioni, na nisingebaki peke yangu kama nilivyo sasa. Huyu alikuwa mtu wa mwisho mpakani pale aliyekuwa bado akiniita kwa jina.

Sikuitoa. Aligeuza baiskeli yake akaondoka mvuani, na mpaka leo hatusemezani. Nilimkasirikia yule mwanamke kama mtu anavyomkasirikia mtu mzima mwenye akili zake timamu, na sikuwa na heshima kubwa kuliko hiyo ya kumpa.